Droni Haipigi Hodi

Ukiwa Kashaulili, Mpanda mjini, ukauliza picha ya pasipoti inapigwa wapi, watakuonyesha kibanda cha bluu mkabala na wauza viatu vya mitumba. Hapo ni kwa Mariana. Ana kitambaa cheupe na kingine chekundu cha kuweka nyuma ya mteja, ana kioo kidogo, ana chanuo lililofungwa kwa kamba lisiondoke na mtu, na ana koti moja la suti ambalo sijui ni wanaume wangapi wa Mpanda wameshalivaa. Mteja anakuja na kaptula na ndala, anavalishwa koti, anapigwa kuanzia kifuani kwenda juu. Picha ikitoka, ni meneja mzima. Miguu ni siri yake na Mariana.

Mwenyewe husema kazi yake yote ni hiyo, kujua pa kukatia. Kwenye misiba husimama nyuma, hapigi mtu aliyelia mpaka kinywa kikabaki wazi. Kwenye komunyo ya kwanza, mtoto akijikojolea kwa woga, kamera ya Mariana inaangalia maua ya altare. Miaka tisa watu wamemwamini kwa hilo kuliko kwa uzuri wa picha zenyewe.

Mwaka huu likaingia swali jipya mjini. Mtu akija kutafuta mpiga picha wa harusi, kabla hajakaa anauliza, "Picha ya juu ipo?" Kuna kijana mmoja anatoka Tabora na droni yake, ndiye aliyewazoeza. Harusi mbili za mtaa wa Majengo zikampita Mariana hivihivi. Ya tatu ilikuwa ya binti wa Mama Mwanaiddi, muuza vitenge, mteja wake wa siku zote.

"Mimi nakutaka wewe, mwanangu," Mama Mwanaiddi alimwambia. "Lakini wenzangu wameshona sare, wanataka wajione kutoka juu wamejipanga kama maua. Yule wa Tabora analo hilo lidude. Wewe unalo?"

"Naliangalia, mama."

"Usiliangalie sana. Jumatatu nataka jibu."

Basi Mariana akaenda kwa Tamimu, mwenye duka la simu na redio. Tamimu alikuwa na droni moja kwenye kabati la kioo, ndogo, ukiikunja mabawa inaenea kiganjani kama panzi mkubwa. Wanafahamiana, hawakubishana sana.

"Kaijaribu mpaka Jumatatu," Tamimu alisema. "Ikikufaa tunaongea. Isipokufaa inarudi na boksi lake, na boksi lisichanike. Ila usirushie hapa mjini, uwanja wa ndege uko karibu, na hujaiombea kibali. Nenda mashambani kwa watu wako."

Watu wake ni wakwe zake, Majimoto. Mumewe Benedikto alibaki kazini kwenye mashine ya kukoboa mpunga, yeye akambeba mtoto, Alex, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa, akaenda. Kwenye begi aliweka droni, na daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Ukurasa wa kushoto aliandika juu UZURI. Wa kulia, UBAYA. Hakutaka kununua kitu kwa sababu tu kijana wa Tabora anacho.

Ijumaa nzima aliirusha juu ya mpunga, shemeji yake Maiko akiwa pembeni yake bila kubanduka, na bodaboda yake kaiegesha. Upande wa uzuri ulijaa haraka. Inasimama hewani imetulia kama imetundikwa kwenye msumari. Inaonyesha kona ya shamba ambako maji hayajafika, ambayo mtu akitembea kwa mguu haioni. Fahali wa jirani alikuwa amepotea tangu asubuhi, wakamwona kwenye kichaka kabla chai haijapoa. Kwelea kwelea, wale ndege ambao watoto hushinda wakiwafukuza, walipoiona walinyanyuka wote kwa pamoja wakahama shamba. Maiko akapiga mluzi. "Shemeji, hii ni ajira ya watoto wote wa Majimoto imekwisha."

Upande wa ubaya nao haukukaa bure. Betri inaisha maharage hayajaanza hata kuchemka. Upepo wa mchana unaisukuma, picha inayumba kama mlevi. Mwewe aliifuata mara mbili akidhani ni kifaranga cha mtu. Ng'ombe wakisikia wanatawanyika. Na sauti yake. Sauti aliiandika jioni, baada ya mama mkwe wake, Mama Romana, kusema akiwa anapeta mchele, "Kinalia kama nyuki hicho. Mwambieni baba yenu kabla hajashtuka. Mnamjua na nyuki."

Walimjua. Mzee Kalisti, baba mkwe, mdogo wake aliuawa na nyuki akiwa bado anatambaa, ameachwa kwenye mkeka chini ya mti wakati wakubwa wanapalilia. Mzee Kalisti alikuwa mtoto wa miaka saba, na ndiye aliyeambiwa amwangalie. Hakuna aliyewahi kumsikia akiisimulia. Ila mpaka leo halali bila kuzunguka nyumba akikagua mapaa.

"Maiko, utamwambia baba," Mariana alisema.

"Nitamwambia," Maiko akajibu. Lakini Maiko moyoni alijua mwenye mashine ni shemeji, atasema mwenyewe. Na Mariana asingesema. Mkwe haanzishi maneno na baba mkwe wake kwenye nyumba ile. Anasalimia kwa kupiga goti, anajibu akiulizwa, akiwa na jambo anampitishia mtu. Hivyo jambo likabaki katikati yao wawili, hakuna aliyelibeba.

Sasa, kwenye ua wa Mzee Kalisti bafu liko nyuma ya jiko. Ni uzio wa matete uliosimama mpaka shingoni mwa mtu mzima, hauna paa, na mlango ni upenyo tu unaokunja kona. Alama ni taulo. Ukiona taulo limetundikwa juu ya matete, kuna mtu ndani, pita mbali. La Mzee Kalisti ni jekundu. Tangu aolewe Mariana hakuwahi kukatiza upande ule bila kuinua macho kwanza kutafuta ule wekundu, na akiuona anageuka hata kama ana ndoo kichwani.

Jumamosi, saa kumi na moja za jioni, jua likiwa na ile rangi ambayo wapiga picha wanaigombania, Mariana alisimama nyuma ya zizi na Maiko na vijana wawili wa jirani. Alitaka apige ua mzima kutoka juu, ampelekee Benedikto nyumba yao ya kuzaliwa. Hakujua kwamba mzee siku hiyo amerudi mapema kutoka shambani.

Droni ikapanda. Kwenye kioo cha simu likaonekana bati la nyumba, paa la jiko, kuku kama punje za mahindi, Mama Romana na ungo wake, na Alex amelala kwenye mkeka kivulini. Nyuma ya jiko palikuwa na kiboksi cha njano, na pembeni ya kiboksi kimstari chembamba chekundu.

"Hicho chekundu ni nini?" Maiko aliuliza.

Kutoka juu, taulo lililotundikwa halionekani kama taulo. Linaonekana upande, kama uzi. Alama ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotembea chini. Mariana, ambaye chini angeitambua hata gizani, alisogeza kidole akaishusha droni aone vizuri ni nini. Yaani aliifuata alama ileile inayosema usije.

Mzee Kalisti alikuwa katikati ya bafu, povu limemjaa kichwani na machoni. Alisimama. Aliinua uso, macho yamefumba, akasikiliza. Kisha akapiga kelele ambayo Mariana aliisikia mara mbili, kwenye masikio yake na kwenye mwili mzima.

"Nyuki! Nyuki jamani! Mtoto! Mtoto yuko nje!"

Alivuta taulo kutoka kwenye matete akatoka hivyo alivyozaliwa. Hakujifunga. Alikimbia na povu lake, mikono mbele kama anayetafuta ukuta, akaufuata mkeka kwa kukumbuka, akalitupa taulo juu ya mjukuu na yeye mwenyewe akainama juu yake, mgongo wazi kwa hao nyuki. Alex akapasua kilio.

"Baba Benedikto!" Mama Romana alikuwa ameshatupa ungo. "Baba Benedikto, si nyuki! Si nyuki, baba!"

Nyuma ya zizi vijana walicheka. Si kwa ubaya, kicheko kiliwatoka tu. Maiko aling'ang'ania fito za zizi akimcheka baba yake mzazi mpaka machozi. Mariana kidole kiliganda. Droni ikabaki palepale imetundikwa, inanguruma, inachukua, mpaka betri ilipopungua ikaamua yenyewe kurudi. Ikapita juu ya mzee polepole, ikaja kutua miguuni pa Mariana. Kama kuna jirani alikuwa hajajua ni ya nani, akajua.

Mzee Kalisti alifuta macho. Aliona mke wake, akaona vichwa juu ya uzio wa jirani, akaona ile mashine ilikoelekea. Alijifunga kitenge alichopewa na mkewe, akaenda kuvaa shati lake lilelile la shambani juu ya sabuni, akachukua fimbo akaondoka. Kule shambani kuna kibanda cha miti cha kulindia ndege. Usiku ule alilala huko.

Mariana alimtoa Alex kwenye mkeka akamkagua mwili mzima. Hakuwa na alama. Alimfunga mgongoni, na toka hapo alitembea akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Shemeji, nirushie ile," Maiko alimnong'oneza jikoni.

"Nimeifuta."

"Aa, shemeji! Ungeniachia hata kipande."

"Huna haya wewe? Nimeshaifuta."

Mama Romana naye aliuliza, kwa adabu, bila kuitaja. "Na kile ulichokichukua, mwanangu?"

"Nimefuta, mama."

Hakuwa amefuta. Alikwenda nyuma ya nyumba na simu yake akaiangalia. Mara ya kwanza alijiambia anahakikisha ni kiasi gani kimeonekana. Ya pili, anaangalia mtoto. Ya tatu hakuwa na sababu. Ukweli, na huu ndio uliomchoma kuliko vyote, ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Jua limelala ubavuni, kivuli cha mzee kirefu mara tatu yake, taulo limefunguka hewani kama bawa, na chini yake mtoto. Alilitoa daftari akaandika upande wa uzuri, *picha ni safi mno*, kisha akaona aibu ya mkono wake mwenyewe. Mtu anayejua pa kukatia. Kumbe hakuwa anajua, alikuwa tu hajapewa mashine ya kumjaribu.

Jumapili kanisani, watu walipopanga mstari wa komunyo, alibaki kwenye benchi. Mama Romana alimpita akamgusa bega. Baada ya misa akamtafuta Mzee Ponsian.

Mzee Ponsian ndiye alikuwa mshenga wa ndoa yao. Kwa akina Kalisti, mkwe akikosana na wakwe hasuluhishi kwa mdomo wake, jambo linarudi kwa aliyewaunganisha. Mariana alipiga goti pale pale nje ya kanisa, akasema yote kwa kuzungukazunguka, bafu akaliita "kule nyuma", na kilichotokea akakiita "ile hali".

"Nimeelewa," Mzee Ponsian alisema. "Vijana walishanieleza kwa lugha nyepesi zaidi. Na picha ipo?"

"Haipo, baba."

"Vizuri. Tafuta kuku jike, mweupe. Nampelekea kukuombea radhi."

Alikwenda na kuku asubuhi ileile, na jua lilipopita utosi akarudi na kuku wake kwapani. Mama Romana alipoona kuku amerudi, akaketi chini.

"Amekataa?"

"Hajakataa, hajapokea. Amesema hana ugomvi na mkwe. Kuonekana, anasema, ni mzee, ameonekana na wengi, hata wauguzi wamemwona." Mzee Ponsian alikohoa, akamgeukia Mariana lakini akawa anaongea na mlango. "Ana jambo lingine linalomla. Alisikia mtoto analia. Anasema alikuwa haoni, na mguu wake uligusa kitu laini. Anauliza, alimkanyaga?"

"Hapana!" Mama Romana alisema. "Mtoto huyu hapa hana hata mkwaruzo!"

"Nimemwambia. Anasema mtamjibu hivyo hata kama mkono umevunjika, ili kumtuliza. Anasema zamani aliwahi kuambiwa mtoto ni mzima, kumbe wanamficha. Ndiyo maana harudi. Anaona haya kumwangalia mjukuu."

Maiko, aliyekuwa anafuta pikipiki, aliacha kufuta. Mariana aliigusa simu kwenye upindo wa kitenge. Jibu analo. Analijua jibu mpaka kipimo chake. Mguu wa kulia ulikanyaga kona ya mkeka, pale palipokuwa na nguo za mtoto zimekunjwa, umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye mkono wa Alex. Na Alex alilia baadaye, taulo lilipomfunika uso. Hakuna mtu aliyesimama chini angeweza kuona hayo. Mama Romana wakati huo alikuwa bado amegeuka na ungo, wao walikuwa nyuma ya zizi. Akijibu, wote watajua amejulia wapi.

Angeweza kunyamaza. Mzee angekaa kibandani siku tatu, nne, njaa na mbu vingemrudisha, mambo yangeisha juujuu. Na yeye angebaki mkwe mwenye adabu aliyefuta.

"Hakumkanyaga, baba," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Alikanyaga nguo za mtoto. Zilikuwa zimekunjwa kwenye kona."

"Umejuaje, na ulikuwa zizini?"

"Sikuifuta. Niliwadanganya. Nimeiangalia. Mara tatu."

Mama Romana alijifunika mdomo kwa upande wa kitenge. Maiko akasema, "Shemeji..." lakini hakumalizia, kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Kuungama kwa padri kuna pazia katikati. Hapa palikuwa na jua la saa saba na kuku mweupe anayelia kwapani kwa mtu.

Mzee Ponsian hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. "Basi iangalie tena," alisema, "uhakikishe ni nguo. Mimi siangalii." Akageuka kutazama ukuta, na Mama Romana na Maiko wakageuka pia. Wote watatu wamempa mgongo, Mariana peke yake akaangalia mara ya nne, na hii ya nne haikuwa na uzuri wowote. Aliziona nguo. Ile ya juu ilikuwa ya bluu, na unyayo wa mzee umeacha povu juu yake. Akamwita Maiko aende kwenye kapu la nguo chafu. Maiko akaja na kigauni cha bluu, povu limekaukia juu yake, vidole vitano vya mguu vinahesabika.

"Hii ataiamini," Mzee Ponsian alisema. "Sasa futa."

Alifuta, na kadi ndogo ya kuhifadhia picha akaichomoa kwenye droni akampa. Mzee Ponsian aliitia mfuko wa shati bila kuiangalia, akachukua kuku, akachukua kigauni, akarudi shambani.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mzee Kalisti alipoingia uani, kigauni kimekunjwa mkononi. Mariana alipiga goti palepale alipokuwa, mlangoni mwa jiko, uso chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Alex. Mtoto yuko wapi?"

Alikuwa mgongoni. Mzee alikishika kile kimkono, akakikunja, akakikunjua, kidole kimoja kimoja. Halafu akamwambia mkewe anataka maji ya kuoga, ana sabuni ya jana mgongoni, inamwasha. Alipofika kwenye matete alitundika taulo lake jekundu, akalinyoosha vizuri, akatangaza kwa sauti ya kuita watu wa ng'ambo:

"Wa chini, naingia! Wa juu, naingia!"

Mama Romana alicheka mpaka akaegemea nguzo. Jirani naye akasikika anacheka. Mariana jikoni alitaka kucheka, akaona kicheko bado hakimstahili. Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumatatu alimrudishia Tamimu boksi lake, halijachanika. Ilikosekana ile kadi ndogo tu, nayo aliilipia.

"Ina kasoro gani?" Tamimu aliuliza, kaumia kidogo kama aliyekataliwa posa.

"Haina kasoro. Inapiga picha safi mno."

"Sasa?"

Mariana alifikiria betri, upepo, mwewe, vibali. Vyote vilikuwa kwenye daftari na vyote angeweza kuvivumilia. "Haipigi hodi," alisema, "na mimi mwenyewe sikuwa nimejua kwamba huwa nahitaji kuambiwa 'karibu' kwanza."

Tamimu hakuelewa, akarudisha boksi kabatini. Kwa Mama Mwanaiddi Mariana alijibu neno moja, kwamba hana, na harusi ikaenda kwa yule wa Tabora.

Mchana alifungua kibanda. Akaja mzee mmoja wa kutaka picha ya kitambulisho, suruali imekunjwa mpaka magotini, matope ya mpunga kwenye vidole. Alivaa lile koti, akaketi, akajiangalia chini.

"Binti, miguu haitoki?"

"Haitoki, baba," Mariana alisema, na alisogea mbele na kamera hatua moja zaidi ya kawaida yake, miguu ikatoka kwenye lenzi. "Hata mimi siioni."